Keki ya Marehemu, Keki ya Nduli

Kinyozi wangu wa Mabatini ni kijana wa miaka 20 na ushei, mwenye mkono mwepesi na simu isiyoishiwa chaji. Juzi kati aliweka kwenye stetasi yake picha ya Idi Amin: sare ya kijeshi, medali kifua kizima, na mbele yake keki yenye mishumaa inayowaka. Picha ilikuwa kazi ya akili mnemba, unaijua kwa vidole vilivyozidi hesabu. Chini aliandika, "Hepi bethidei mzee wa kazi." Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu aliiomba simu, akaisogeza karibu na macho, akairudisha. "Mjukuu wangu, huyu unayemkatia keki alituletea mabomu hapa hapa Mwanza." Kijana hakukasirika. "Babu, mimi namtakia heri kila mtu. Mwezi wa kwanza nilimtakia Kanumba, mbona hukusema kitu?"

Mzee alinyamaza. Mimi nilikuwa na wembe shingoni, kwa hiyo nami nilinyamaza. Lakini swali la kijana ni zuri kuliko majibu mengi yanayotolewa siku hizi kuhusu mtindo huu wa kuwatakia marehemu heri ya kuzaliwa. Kila asubuhi kurasa za mitandaoni zinatusomea orodha, na watangazaji wa redio wanaidaka: leo marehemu fulani angetimiza miaka kadhaa, leo ndiyo siku aliyozaliwa jambazi fulani. Ubishi ulioibuka una pande mbili. Wa kwanza wanasema marehemu hana bethidei, huo ni uzungu na dini haitaki. Wa pili wanasema ni burudani tu, nani kaumia? Wote wanabishana kama maiti anaweza kutakiwa heri. Naona wamebisha hodi mlango usio wenyewe. Jambo la kupima ni tarehe ipi katika maisha ya mtu tunaichagua ili tumkumbuke, na tarehe hiyo inamkaribisha nani mezani. Siku ya kuzaliwa inamleta mtu mwenyewe. Siku ya kufa inaleta msiba wake. Siku ya tendo inawaleta waliotendwa. Mimi nasema msanii apewe ya kwanza bila kuona haya, na nduli apewe ya tatu, hata kama ana mashabiki milioni.

Nianze na kalenda yetu wenyewe, maana wengi wanadhani kumkumbuka mtu kwa tarehe ya kifo ni jambo lisilo na mbadala. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama 13 Aprili 1922, lakini sikukuu yake ni 14 Oktoba, siku aliyofariki London mwaka 1999. Mzee Karume tunamkumbuka 7 Aprili kwa sababu ndiyo siku aliyouawa mwaka 1972. Kanisa nalo lina desturi hiyo kwa muda mrefu zaidi: mtakatifu husherehekewa siku aliyokufa, ambayo Wakristo wa kale waliiona kuwa ndiyo siku aliyozaliwa mbinguni. Waliopewa sikukuu ya kuzaliwa ni watatu tu, Yesu mwenyewe, Bikira Maria tarehe 8 Septemba na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na sababu ni kwamba kuja kwao duniani kwenyewe kulikuwa habari njema. Waislamu wana Maulidi, ambayo ni sikukuu ya taifa, na masheikh wanaendelea kuijadili. Kwa hiyo anayesema dini haijui siku ya kuzaliwa hajaangalia kalenda iliyo ukutani kwake. Dini inaijua sana, ila inaigawa kwa mkono wa birika. Haimpi kila mtu.

Hoja ya uzungu nayo haina miguu mirefu, angalau huku Usukumani. Ni kweli bibi zetu hawakukata keki. Lakini kuzaliwa kulikumbukwa kila mtu alipoitwa jina. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Limi alikuja na jua. Kulwa na Doto ni pacha, na anayewafuata ni Shija. Ukimwita mtu Mabula unamtajia hali ya hewa ya siku aliyozaliwa, mara kumi kwa siku, mpaka anaingia kaburini. Wasukuma hawakuhitaji tarehe. Walihitaji habari ya siku yenyewe, iliwakuta nyumbani au shambani, kwenye shibe au kwenye njaa. Nenda pia Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo mwezi Juni baada ya mavuno. Utawakuta Bagika na Bagalu wakishindana kucheza, wengine na nyoka, wengine na majembe ya Bugobogobo, ngoma ya wakulima. Vyama hivyo viwili vimetokana na mahasimu wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hakuna anayejua walizaliwa tarehe gani. Hata hivyo, ni waburudishaji waliokufa zaidi ya karne iliyopita na bado wanagawa uwanja mzima kila mwaka, kila upande ukidai manju wake ndiye alikuwa na dawa kali. Wanakumbukwa kwa kazi, kwa msimu wa kazi, na kwa watu wanaoifanya kazi ileile. Sijui msanii gani wa sasa hatapenda kukumbukwa hivyo.

Hapo ndipo nafika kwa Kanumba, ambaye kijana wa saluni alimtaja kwa haki kabisa. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga 8 Januari 1984 na kufariki Dar es Salaam 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa alikuwa mtoto wa nyumbani aliyekwenda mjini na kuonekana. Kifo chake kiliangukia Siku ya Karume, siku ambayo watu wako majumbani na simu zao, na kila mwaka ikifika, mazungumzo yanakwenda kulekule: kile chumba cha Sinza, nani alikuwemo, nani alisukumwa, mahakama ilisema nini. Kesi ilimalizika mwaka 2017 kwa hukumu ya kuua bila kukusudia, na aliyehukumiwa, ambaye makusudi simtaji, alitumikia adhabu yake akarudi kwenye maisha. Lakini 7 Aprili inamrudisha kizimbani kila mwaka, na inamrudisha Kanumba mochwari. Mtu aliyefanya kazi kwa miaka kumi anabaki na usiku mmoja. Tarehe 8 Januari inafanya kinyume. Siku hiyo watu wanakumbuka alivyotokea kundi la maigizo la Kaole, alivyokwenda kuigiza na Wanaijeria wakati wengi wetu tulidhani Nollywood ni ya kutazama tu, alivyolia kwenye kamera mpaka mama zetu wakalia naye. Siku moja inamhusu maiti na ya pili inamhusu msanii, na mimi naona anayetaka kumheshimu angeanzia Januari.

Albert Mangwea, msanii wa bongo fleva, ni vivyo hivyo. Alizaliwa 16 Novemba 1982, akafia Johannesburg 28 Mei 2013. Mwezi Mei unaamsha uvumi, Novemba inaamsha mistari yake. Vijana ambao hawakuwa wameanza shule alipofariki wanaijua mistari hiyo kwa sababu kuna siku inayowapa kisingizio cha kuipiga. Na wapo wasio na tarehe kabisa, wakitukumbusha kwamba tarehe ni chombo tu. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013, na kuhusu kuzaliwa kwake alichokuwa akikisema ni kwamba alizaliwa enzi za rupia. Mtandao haukuridhika na jibu hilo, ukamtafutia mwaka. Mimi naona rupia inatosha. Inanipa Zanzibar nzima ya wakati huo, wakati tarehe ingenipa namba.

Kutoka Unguja hiyohiyo kuna kisa kinachofundisha zaidi ya mahubiri yote. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa Mji Mkongwe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Alifariki mwaka 1991. Mwaka 2006, miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, ilipangwa sherehe ufukweni, na kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kikapinga hadi ikafutwa. Wengi walikiona kisa kile kama ugomvi wa dini na muziki. Sikubaliani na Uamsho hata kidogo, lakini nakiri waliielewa siku ya kuzaliwa kuliko waandaaji. Walijua kwamba kusherehekea kuzaliwa kwa mtu ni kusema maneno mafupi sana: ni vema ulikuja duniani. Hawakutaka kuyasema maneno hayo, wakakataa keki. Ugomvi wangu nao ni juu ya mtu waliyemnyima. Kuhusu maana ya keki, walikuwa sahihi.

Sasa yapeleke maneno hayo kwa Idi Amin. Ni vema ulikuja duniani. Nani atayasema kwa kinywa kipana hapa ziwani? Mwaka 1972 ndege zake zilishambulia Bukoba na Mwanza. Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, yakafika Mto Kagera, yakalivunja daraja la Kyaka, yakaua watu na kuswaga ng'ombe, na Mwalimu akatangaza kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia, ilikuja kupiga Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, yakaua swala. Ukisimama Capri Point unakiona kisiwa chenyewe, siku hizi ni hifadhi ya taifa na wenye harusi wanapigia picha huko. Tunacheka tukisimulia habari ya swala, na inachekesha kweli, ila rubani hakuja kuwinda. Kule Kaboya, Muleba, kuna makaburi ya askari wetu waliokwenda kumtoa Amin na kurudi wakiwa kwenye majeneza. Na hapo bado sijagusa Waganda wenyewe, waliokufa kwa maelfu na maelfu. Halafu nimeshaona daladala hapa mjini ikiwa na sura ya Gaddafi kwenye kioo cha nyuma, ikipakia abiria wa Kirumba kwa amani kabisa.

Ukimuuliza kijana kwa nini anampenda Amin, hatakutajia siasa. Atakuonesha vipande vya video: Amin anacheka, Amin anapiga kodiani, Amin anacheza ngoma, Amin aliyekuwa bingwa wa ndondi, Amin anawaambia Wazungu maneno ambayo wengine waliogopa kuyasema. Kwa simu ya kijana, Amin ni mchekeshaji. Hili ndilo jambo ambalo wanaobishana kuhusu haramu na halali wanalikosa. Orodha ya asubuhi inamweka msanii na nduli kwenye mstari mmoja, na baada ya muda nduli anajifunza kazi ya msanii. Anaanza kuchekesha. Mikono yake inanawishwa taratibu, na kila keki inaongeza sabuni kidogo. Isitoshe, huyu hata tarehe ya kuzaliwa hana. Wanahistoria wanataja 1925, wengine 1928, wengine Koboko, wengine Kampala. Tarehe aliyoiokota kinyozi wangu imebuniwa na mtu ili keki ipate pa kukaa.

Jibu la haraka la vijana ni kwamba tarehe ni tarehe tu, kalenda haina upande, orodha inataja wote waliozaliwa siku hiyo, wema kwa wabaya. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayotumika sana, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Tarehe 5 Septemba, siku ya Freddie Mercury, ndiyo aliyozaliwa Jesse James mwaka 1847, jambazi wa Marekani aliyeiba mabenki na treni. Tarehe 12 Novemba alizaliwa Grace Kelly, nyota wa sinema aliyeolewa na mtawala wa Monaco, na ndiyo aliyozaliwa Charles Manson, ambaye wafuasi wake walifanya mauaji ya Agosti 1969 huko Los Angeles. Siku hiyohiyo wamezaliwa pia mamilioni ya wakulima, wavuvi, wauguzi na mama lishe. Orodha haikuwataja. Kwa hiyo tayari imechagua, na kigezo chake ni umaarufu. Sasa tazama kilichotokea. Miongoni mwa waliouawa na wafuasi hao alikuwepo Sharon Tate, mwigizaji, mjamzito wa miezi minane na nusu. Alizaliwa 24 Januari 1943. Manson, aliyetamani kuwa mwanamuziki maarufu akashindwa, anatajwa kila Novemba. Tate alikuwa msanii kweli, na Januari yake inapita kimya, kisha anatajwa kwenye habari za muuaji wake. Orodha isiyo na upande imempa muuaji jukwaa alilolitaka na kumfanya mwigizaji awe maelezo ya chini. Kama huko ndiko kutokuwa na upande, basi kuna mtu kapata faida kubwa kwa kutopendelewa.

Hoja nyingine ina uzito zaidi. Inauliza: nani anaamua kwamba huyu ni nduli? Washindi ndio huandika. Nelson Mandela alikuwa kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kuchunguzwa kwa ugaidi hadi mwaka 2008, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaifanya siku yake ya kuzaliwa, 18 Julai, kuwa siku ya dunia nzima. Ukitaka mfano wa karibu, uko Bukumbi, mwendo mfupi kutoka mjini. Kabaka Mwanga wa Buganda ndiye aliyeamuru mauaji ya vijana Wakristo, ambao wengi wao walichomwa moto Namugongo 3 Juni 1886. Miaka miwili baadaye alipinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi kuja kusini mwa ziwa, akaishia kupokewa na Wamisionari wa Afrika palepale Bukumbi, watu wa kanisa lilelile alilolitesa. Baadaye alipigana na Waingereza, wakamkamata, wakampeleka Ushelisheli, akabatizwa, akafia huko mwaka 1903. Ni muuaji wa mashahidi? Ndiyo. Ni mfalme aliyekataa kutawaliwa? Ndiyo pia. Ukimpa Mwanga keki utalazimika kuchagua Mwanga mmoja, umtupe wa pili. Lakini hilo halituzuii kukumbuka. Kila mwaka mahujaji wanapita mpakani Mutukula kwenda Namugongo, Uganda, na jina la Mwanga linatajwa huko bila kukosa. Anaingia kwenye historia kupitia mlango wa aliowaua, na mlango huo unawaruhusu watu kumjadili kwa ukamilifu wake. Kipimo changu, kwa hiyo, hakiangalii jina la ubaya alilopewa mtu na maadui zake. Kinaangalia kama kuna watu wa kawaida ambao siku zao zilikatwa na mikono yake au kwa amri yake. Kama wapo, siku ni yao.

Waganda wamelifanya hilo kwa Amin kwa namna ninayoipenda. Tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini humo, siku aliyouawa Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Mtoto wa shule akiuliza kwa nini leo hatusomi, lazima jina la Amin litajwe, lakini linakuja likiwa na kazi yake mkononi. Hakuna anayeweza kulisimulia kwa kodiani. Austria nayo ilihangaika kwa miaka mingi na nyumba aliyozaliwa Adolf Hitler huko Braunau, ambako wafuasi wake walikuwa wakienda kila 20 Aprili. Mwaka 1989 liliwekwa jiwe mbele ya nyumba ile, lililotoka kwenye machimbo ya kambi ya mateso ya Mauthausen. Linataja amani, uhuru, demokrasia na mamilioni ya waliokufa. Jina la aliyezaliwa mle ndani halimo. Baadaye serikali ikaamua nyumba yenyewe iwe kituo cha polisi. Wamekataa kuficha mahali, wakakataa pia kumpa mwenyewe.

Nikilitazama jiwe hilo nalikumbuka jiwe letu. Lile la pale ziwani, linaloonekana limesimama kwa kuegemea bahati, kitambulisho cha jiji, tunaliita Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck, aliyezaliwa 1 Aprili 1815, hakuwahi kukanyaga Mwanza. Ni mwenyeji wa mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 ambako Afrika iligawanywa na watu ambao hawakuombwa. Maelfu wanapiga naye picha kila mwaka wakidhani ni jina la jiwe tu. Wakati huohuo, kisiwa cha jirani kinaitwa Saa Nane kwa sababu ya Mzee Saanane Chawandi, mkazi aliyekimiliki kabla hakijawa hifadhi. Sisemi jina la jiwe libadilishwe kesho asubuhi. Nasema kukumbuka kunafanyika hata pasipo nia, na anayeshinda katika kukumbuka kusiko na nia ni yule aliyekuwa na nguvu.

Kuna tukio moja ambalo linanisumbua katika hoja yangu yote, na sitaki kulipita kando. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, imejaza watu kuliko uwezo wake, na mamia ya ndugu zetu wakafa. Makaburi yako Igoma. Mmoja wa waliozama siku ile alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Mtandao wake ndio uliolipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Kwa hiyo ipo tarehe ya kifo ambayo inamchukua mtu kama huyo pamoja na wanafunzi waliokuwa safarini, wafanyabiashara wa ndizi na watoto wachanga. Tunapowaombea waliokufa 21 Mei, naye yumo ndani ya dua? Nimewahi kulifikiria hili Igoma na sikupata jibu safi. Nilichokiona ni kwamba tarehe ile haimpi chochote cha pekee. Imemzamisha kwenye hesabu ya watu. Alikufa kama abiria, na kama abiria ndivyo tarehe inavyomhesabu. Pengine ndiyo faida ya siku ya msiba wa wengi, kwamba haina kiti cha mbele. Ila lazima nikubali kwamba kanuni yangu ya tarehe tatu haikutosha hapa.

Matokeo yake kwa kazi za watu si ya nadharia. Mtangazaji anayesoma orodha ya asubuhi anaweza kuuliza swali moja kabla ya kufungua kinywa: huyu akitajwa leo, nani mwingine anatajwa? Akiwa ni Amin, 16 Februari inamfaa kuliko tarehe ya kubuni, na Oktoba inafaa kuliko zote kwa msikilizaji wa Kagera. Mwalimu wa historia anayetafuta njia ya kuwaamsha wanafunzi asikimbie video za kodiani. Aioneshe moja, kisha awapeleke Saa Nane. Anayetengeneza picha za akili mnemba ajue kwamba kumvisha marehemu tabasamu ambalo hakulitabasamu ni jambo ambalo familia ya msanii inaweza kulisamehe, maana pengine alitabasamu hivyo kweli, lakini kwa nduli tabasamu hilo ni uongo unaotembea.

Kwa wasanii kuna la ziada ambalo halizungumzwi, nalo ni fedha. Redio ikitangaza kwamba leo ni siku ya kuzaliwa Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 27 Juni 1944 na kufa kwa ajali ya gari nchini Kenya 12 Januari 1979, itapiga nyimbo zake kutwa nzima. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu mwenyewe: kazi za Mbaraka hazijawa shamba lisilo na mwenyewe. Heri ya kuzaliwa inayotolewa kwa sauti ya mtunzi mwenyewe, na matangazo ya sabuni katikati, bila mirabaha kufika kwa warithi, ni pongezi inayolipwa na marehemu. Wanaopinga bethidei za wasanii kwa jina la dini wangepata pa kusimamia imara zaidi hapo, kwenye mali ya yatima, kuliko kwenye keki.

Nilirudi saluni wiki mbili baadaye. Stetasi ya Amin ilikuwa imeondoka yenyewe baada ya saa 24, kama stetasi zote. Mzee yule alikuwepo tena, safari hii kwenye kiti, na kijana alikuwa akimnyoa taratibu huku akimdadisi. "Babu, na wewe bethidei yako lini, nikuposti?" Mzee akasema kitambulisho chake kimeandikwa 1 Julai, kwa kuwa karani alihitaji kujaza kitu. "Lakini mama aliniambia siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mto ukakata njia." Kijana akasimamisha mashine. Mwezi wa saba Mwanza hakunyeshi. Akamtazama mzee kwenye kioo, akamuuliza jina lake, na mzee akamwambia. Lilikuwa lilelile ambalo msomaji wa huku kwetu ameshalikisia.